Kiti cha Mbele Hakikai Bila Mtu

Maneno yalianzia saluni. Mirriam alikuwa ameinamisha kichwa, nywele zake nusu zimesukwa na nusu zimesimama, aliposikia mwanamke aliyekuwa chini ya draya akimwambia mwenzake kwamba yule kijana wa Kware mwenye Subaru ya rangi ya chungwa, kiti chake cha mbele hakikai bila mtu. Jumapili kinakaliwa na huyu, Jumanne kinakaliwa na yule, na Ijumaa ukichungulia vizuri utaona nywele za mwingine. Wakacheka. Hawakujua kwamba huyu wa Jumapili ndiye aliyekuwa mbele yao, shingo imekunjwa.

Carolyne, aliyekuwa akimsuka na ambaye ni rafiki yake tangu shule ya msingi, alimbana bega kwa siri ili anyamaze. Mirriam akanyamaza. Lakini yale maneno yalitoka naye saluni, yakaingia naye nyumbani Komarock, yakakaa naye mezani. Mama yake alimuuliza kama mboga haina chumvi. Akasema inayo. Akikanda unga aliyasikia, akipiga magoti kuomba aliyasikia, na alipojaribu kuyaombea yaondoke, akajikuta anamwomba Mungu amwonyeshe tu hizo nywele ni za nani.

Yalimuuma hivyo kwa sababu ya namna walivyokutana.

Mirriam alikuwa anaoka keki za harusi na za kuzaliwa, jikoni kwa mama yake. Jumamosi moja alikuwa na keki ya ghorofa tatu ya kupeleka mtaa wa Lucky Summer, na teksi aliyoita ikamgeuka. Akabaki amesimama kando ya Kangundo Road, pale wanapoosha magari, sanduku mikononi, gauni la kijani chini ya aproni nyeupe, jua linamchoma utosi. Mahali penyewe palikuwa pamejaa. Povu la sabuni linatiririka mpaka mtaroni, mbavu za mbuzi zinalia kwenye makaa, spika inanguruma, na wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wakingoja magari yao na nyama yao kwa wakati mmoja.

Ndipo lile gari likatoka, bado linadondosha maji. Fupi, limelala chini kama paka anayevizia, rimu zake nyeusi, na rangi ile ya chungwa ambayo jicho haliwezi kuipita. Watu waliacha kutafuna. Ndani yake alikuwa kijana mwenye fulana nyeupe na ndevu zilizochongwa vizuri, anatabasamu kama mtu anayejua kwamba anaangaliwa.

"Dada, hiyo keki ni ya nani?"

"Si yako."

"Basi niibebe kabla haijayeyuka, halafu utaniambia tena kwamba si yangu."

Mirriam alimwambia kwamba gari lenyewe limeinama hivyo, tuta la kwanza tu litaifanya keki kuwa uji. Kijana akajibu kwamba gari lake linajua kutembea likiambiwa. Jina lake lilikuwa Gitonga, fundi wa madirisha ya alumini, na siku hiyo alisema kweli. Kila tuta alilivuka kwa mshazari, gurudumu moja halafu jingine, polepole kama mtu anayemlaza mtoto asiamke. Njiani vijana waliokaa kwenye ukuta waliinua ngumi na kuzizungusha hewani. "Buda, kohoza," waliita. Maana yake akanyage mafuta na kuachia ghafla, bomba la nyuma lipasuke pa-pa-pa kama bunduki. Gitonga akaonyesha sanduku kwa kidole, akatikisa kichwa. Wakamzomea. Akacheka tu, akaendelea kutambaa.

Walipofika, hakuna hata ua moja la sukari lililokuwa limesogea. Mwanamume ameombwa mbele ya watu akakataa, kwa ajili ya keki ya mtu asiyemjua. Ni msichana gani asingeanguka hapo?

Wakapendana. Simu zikawa asubuhi, mchana na jioni. Akimwita mrembo, Mirriam anamwambia aende akaoshe macho. Akimwambia amemkosa, Mirriam anamuuliza amekosa yeye au mabaki ya keki. Jumapili baada ya ibada alimngoja nje ya kanisa, mlango umefunguliwa, na wasichana wa kwaya wakapita pembeni wakijifanya wanatafuta kitu kwenye mikoba.

Na tusidanganyane, Mirriam aliyapenda pia. Wauza mafuta waliliosha kioo bila kuulizwa. Polisi wa barabarani aliwasimamisha, akazunguka gari lote, na kumbe alitaka tu kuuliza rimu zilitoka wapi. Watu walioshusha vioo walimwita Gitonga mkubwa, boss, mnyama, na wengine wakamgeukia Mirriam wakamwambia, "Shemeji, unapelekwa vizuri." Basi akaanza kuvaa kwa ajili ya gari. Akanunua kitambaa cha kichwa kinachofanana nalo kwa rangi, na miwani mikubwa, akajifunza kuweka kiwiko dirishani. Mama yake alimtazama akitoka. Angesema nini? Mtoto alikuwa anang'aa.

Kitu kimoja tu Mirriam alikiona na akakipuuza. Tangu siku ile ya keki, Gitonga hakukataa tena. Akiinuliwa ngumi, alikohoza. Hata katikati ya sentensi. Hata Mirriam akiwa anamwambia kuhusu uvimbe waliomkuta nao baba yake, aliinua kidole kimoja, ngoja kidogo mrembo, pa-pa-pa, halafu akageuka na uso mzuri wa mtu aliyesahau mnazungumza nini.

Baada ya maneno ya saluni Mirriam aliacha kushika simu. Gitonga akapiga, akaandika, akapiga tena, mpaka ikashikwa.

"Miri, nimepiga mpaka simu imechoka. Kwani nimekufa na sijaambiwa?"

"Muulize anayekalia kiti chako Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Kwani ziko ngapi?"

"Jumanne huwa nabeba Mzee Patrobas."

"Mzee Patrobas amesuka nywele?"

Gitonga akasema, kwa sauti ya mtu asiyeona kosa, kwamba siku nyingine ni Jacky. Mirriam akakata simu, akakaa kitandani na kitambaa chake cha kichwa mkononi, akalia mpaka mama yake akaja kusimama mlangoni bila kujua aingie au aondoke.

Jumanne iliyofuata alimchukua Carolyne wakaenda Kware kujionea. Wakasimama mbele ya kibanda cha chapati, kati ya majumba marefu ambako nguo zilizoanikwa zimefunika mbingu, na wapangaji wanaongea kutoka balkoni moja hadi nyingine. Lile gari likaja. Kwanza alitoka mzee mwenye fimbo, akivutwa mikono miwili kwa sababu kiti kiko chini mno. Kisha akaingia mama mnene mwenye trei ya mayai mapajani. Huyo ndiye Jacky, na nywele zake kweli zilikuwa zimesukwa. Wakaenda mpaka barabarani, wakazunguka, wakarudi. Jacky akashuka na mayai yake yote. Mama mwenye nyumba alikuwa tayari anafuta viatu ili aingie.

Mirriam alimsalimu yule mzee shikamoo, akamuuliza alikuwa amepelekwa wapi.

"Mahali? Hatuendi mahali, binti yangu," Mzee Patrobas akasema. "Tunafika lami tunarudi. Huyu kijana hapendi kuendesha peke yake. Injini ina kelele, hasikii watu wanasema nini. Sasa mimi nasikiliza, halafu namwambia. Nikimwambia wamesema ni tamu, anashinda na furaha siku nzima. Hata chai ananinunulia."

Carolyne alicheka mpaka akakaa kwenye kreti la soda. Mirriam naye akacheka, machozi yakimtoka. Hakukuwa na mwanamke. Kulikuwa na mzee wa fimbo na trei ya mayai. Gitonga alipomwona alishuka akaja mbio, mikono ina unga wa alumini, akasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Sasa umeona wake zangu," akasema.

"Nimewaona. Huyu wa mayai ana macho mazuri."

"Anakusalimia."

Halafu utani ukaisha, akamwambia jambo ambalo hakuwa amewahi kumwambia mtu. Kabla ya gari alibeba vioo begani, mji mzima, kwa miaka. Watu wakipita walijitazama kwenye kioo, wakatengeneza kola, wakapangusa mdomo. "Hakuna aliyeniona mimi niliyekishika, Miri. Hata mmoja." Mirriam akamshika kichwa akakilaza shingoni kwake, pale pale mbele ya kibanda cha chapati, na balkoni zote zikapiga mbinja.

Jioni akiosha vyombo furaha ikaanza kumtoka, polepole. Kama angekuwa mwanamke, angemjua sura. Angemshinda kwa upishi, au kwa subira, au kwa maombi. Na ikishindikana angejua ameshindwa na nani. Lakini barabara nzima unashindana nayo vipi? Unaanzia wapi? Alimweleza mama yake. Mama akasema kwamba wanaume wakioa hutulia. Alisema akiangalia sahani, na wote wawili walisikia kwamba hana hakika.

Gitonga alimposa palepale kwenye kuosha magari. Aliegesha katikati, akafungua mlango upande wa Mirriam, akapiga goti kwenye povu na suruali yake ya kadeti. Simu zikainuliwa. Muziki ukazimwa. Mchoma nyama akasimama na kisu hewani. Mtu akapaza sauti, "Dada sema ndio, tuendelee kula."

Mirriam alitazama nyuso zote zile, akatazama ule uso mmoja chini, umeloa, unampenda. Akasema ndio. Shangwe ikalipuka, na ndani ya shangwe hiyo hiyo ngumi zikaanza kuzungushwa, kohoza, kohoza, na Gitonga akaruka kutoka gotini, pete haijafika nusu ya kidole, akaingia ndani ya gari kuwajibu. Mirriam aliisukuma pete mwenyewe.

Walipobaki wawili, nyama imeisha na watu wametawanyika, alimwomba kitu.

"Gito, nataka jambo moja."

"Sema hata mawili, mrembo."

"Siku ya kuja nyumbani, liache gari. Njoo na wazee wako kwa miguu. Nataka ukiingia langoni nikuone wewe."

Gitonga alimshika mikono yote miwili. Akamwambia kwamba atakuja hata kwa viatu vya kuazima. Na hapo ndipo ubaya ulipo, maana hakuwa anadanganya. Alikusudia kabisa.

Siku ikafika. Tenti lilisimamishwa ndani ya korti, ule uwanja wa pamoja wa nyumba zao, baba yake Mirriam akavaa koti ambalo tangu augue limemlegea mabegani, na mama yake alikuwa amekesha na sufuria za mukimo na kuku. Kibuyu cha muratina, pombe ya asali, kilikuwa kimeandaliwa kwa wazee, na kingine cha uji uliochacha kwa wale waliookoka. Wageni walipofika, wanawake walifunga lango wakaimba, kama inavyotakiwa, wakiwauliza wamepotea njia au wanatafuta nini, na wa nje wakajibu kwa wimbo kwamba wameona ua zuri ndani ya boma hili. Wakabishana kwa nyimbo mpaka lango likafunguliwa. Mirriam alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, amevaa kitenge cha zambarau, shanga shingoni, anatazama kofia zikipita moja moja. Gitonga hakuwa chini ya hata moja.

Mjomba wa Gitonga, Mzee Kimani, alieleza kwamba kijana yuko nyuma yao kidogo tu. Kreti za soda zilikataa kuenea kwenye gari la wageni, ikabidi azibebe kwa lake. Ilikuwa sababu nzuri. Mama yake Mirriam alirudia mara mbili kwamba ni sababu nzuri.

Kisha wakasikia. Kwanza mbali, halafu karibu. Vijana wa korti wote walikimbilia nje. Pa-pa-pa. Shangwe. Gari lilipita mbele ya lango, halikuingia. Likazunguka mtaa, likarudi, likaombwa tena. Mirriam alitoa simu.

"Uko wapi?"

"Niko hapa nje, beb. Nageuza tu."

"Ingia."

"Naingia. Watu wa kwenu hawataki nizime, Miri, hata yule mzee wa duka ametoka. Dakika moja."

"Gito, wananiita mbele."

"Nakuja, mrembo wangu. Moja tu."

Akabaki ameshika simu sikioni. Mama yake alifunika sufuria iliyokuwa imefunikwa tayari.

Msemaji wa familia ya Mirriam, Anko Gachanja, alikuwa mtu wa mizaha. Alisema bwana harusi hayupo lakini sauti yake wote wanaisikia, basi shughuli iendelee, watu wana njaa. Wakacheka. Mirriam akaitwa, akasimama katikati ya tenti, macho chini. Gachanja akainua kibuyu kwa mikono miwili.

"Mirriam, mtoto wetu. Hawa watu wamekuja, na kinywaji ndicho hiki. Tukinywa, wewe ni wao. Sisi hatuwezi kunywa bila neno lako. Tunywe, au tusinywe?"

Kila mtu analijua jibu. Swali huulizwa kwa sababu lazima liulizwe, na msichana huinamisha uso akasema kunyweni, vigelegele vikapigwa. Mirriam alifungua mdomo. Nje gari likakohoa kuliko mara zote, na shangwe ikawa kubwa hivi kwamba tenti zima likageuza shingo. Mzee Kimani aliinuka nusu ili aone. Hata baba yake, mgonjwa vile, aligeuka. Wote walitazama langoni, na yeye akabaki katikati na neno mdomoni. Mama yake peke yake ndiye aliyekuwa bado anamtazama.

"Ngojeni aingie," Mirriam akasema.

Wakangoja. Gachanja akachoka kukiinua kibuyu, akakiweka chini. Mwishowe Gitonga akaingia, shati jipya limelowa mgongoni, uso unawaka kama wa mtu aliyetoka kubatizwa. Alikuwa mzuri. Moyo wa Mirriam uliruka kama ulivyoruka siku zote, haukuwa umejifunza kitu.

"Wazee wangu, mnisamehe," Gitonga akasema, akipeana mikono huku na huku. "Watu wa hapa wana upendo sana."

Akaja akasimama kando yake, akamgusa vidole. Gachanja akashukuru Mungu, akainua kibuyu tena, akauliza mara ya pili. Huko nje kulikuwa kimya, na mtu angeweza kusikia hata mafuta yakichemka jikoni.

"Msinywe, Anko."

Mzee Kimani alivua kofia, akaishika, akaivaa tena. Chakula kililiwa kwa sababu kilikuwa kimepikwa, na wageni huwezi kuwarudisha na njaa. Gitonga alikaa na sahani mapajani bila kuigusa. Alipopata nafasi alimfuata Mirriam nyuma ya tenti, penye maji ya kuoshea vyombo.

"Ni gari? Nitaliuza. Kesho nitaliuza."

"Najua utaliuza."

"Basi?"

"Halafu utakaa nyumbani na mimi, watu wawili tu, hakuna anayekuangalia. Utaweza?"

Alifikiri. Mirriam alimwona akifikiri kwa bidii, akitafuta ndani yake kama mtu anayepekua mifuko yote, na alimwomba Mungu apate. Machozi yakamtoka. Mirriam alimfuta kwa ncha ya kitenge, akavua pete kwenye kidole chake mwenyewe, akamkunjia kiganjani. Hakuna kingine alichojua kumfanyia.

Mama yake aliona yote kutoka mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Hakwenda.

Basi wewe binti, na wewe uliye na binti, haya yaepukeni:

Kumpenda mtu kwa siku moja aliyofanya vizuri. Mtazame Jumatano, hakuna sherehe.

Kuvaa ili ufanane na gari la mtu.

Kucheka haraka ukiambiwa hakuna mwanamke mwingine.

Kuongea na mtu habari za ugonjwa wa baba yako naye anakwambia ngoja, na wewe ukangoja.

Kuposwa mahali watu wameinua simu.

Kuahidiwa kitu na mtu asiyejijua, hata kama anakupenda. Hasa kama anakupenda.

Kusema kunyweni kwa sababu wote wanangoja useme.

Na wewe mama, epuka kumwambia kwamba wakioa hutulia, kama hujui.